Ziada ya Mwezi na Haki ya Faida

Ndugu msomaji, lipo swali ambalo sisi walimu twaulizwa mara kwa mara baada ya darsa. Mtu amelipa kodi ya nyumba, ada za watoto na matumizi ya jikoni, na mwisho wa mwezi amebakiwa na shilingi 20,000 au 30,000. Si nyingi, lakini ni zake. Je, azifiche ndani, azipeleke benki, anunue hisa, au aingie katika kikoba cha jirani zake? Na nyuma ya maswali hayo lipo moja ambalo ndilo analolitaka khasa: "Ni wapi nitapata faida bila ya kuingia hasarani?"

Makala haya ni juu ya swali hilo la mwisho, kwani hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, mwenye elimu na asiye na elimu.

Kwanza tuondoe shaka moja. Wapo wasemao kwamba kuweka akiba ni upungufu wa tawakkul, na kwamba riziki ya kesho ina Mola wake. Maneno hayo ni mazuri mdomoni, lakini hayakupimwa. Nabii Yusuf (a.s.) aliwawekea watu wa Misri nafaka ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa. Mtume wetu (s.a.w.) aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka, na yule aliyemwuliza kama amwache ngamia wake huru kwa kumtegemea Mungu alimwamrisha amfunge kwanza, kisha ategemee. Kinacholaumiwa katika Sura ya At-Tawba ni kulimbika dhahabu na fedha bila ya kutoa haki iliyomo. Basi akiba si dhambi, na wahenga wetu walikwisha sema kuwa akiba haiozi.

Lakini akiba iliyolala hupungua. Bei za vitu hupanda, na shilingi iliyofichwa chini ya godoro mwaka huu hainunui mwakani kile ilichonunua leo. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliwausia watu waifanyie biashara mali ya mayatima isije ikaliwa na zaka. Ikiwa mali ya yatima, iliyozungukwa na ulinzi wote wa sharia, yapasa itembezwe, mali ya mtu mzima mwenye akili zake ina udhuru gani?

Basi itembee, lakini vipi? Tuangalie kisa cha Urwa al-Bariqi, kilichomo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua kondoo wawili kwa dinari ile, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari pia. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Mtaji ulikuwa dinari moja tu! Lakini tazama faida ilitoka wapi. Palikuwa na soko, palikuwa na kondoo mwenye miguu minne, na palikuwa na mtu aliyejua bei na akajichosha. Dinari haikuzaa dinari nyingine kwa kulala.

Hapa ndipo inapoingia kanuni ya wanazuoni: *al-kharaj bidh-dhaman*. Maana yake ni kwamba pato ni haki ya yule ambaye hasara ingelimwangukia. Ukikubali kubeba hasara, faida ni halali yako. Ukimwachia mwenzio hasara yote, nawe ukataka faida yako timamu, umetaka kisichokuwa chako.

Tuichukue kanuni hii mpaka Mchikichini, penye mitumba. Mfanyabiashara hununua belo la kilo 45 likiwa limefungwa. Ameambiwa ni mashati ya daraja la kwanza, lakini ukweli ataujua alfajiri atakapokata kamba mbele ya wateja. Huenda yakatoka mashati ya kumlipa belo na nusu. Huenda yakatoka matambara. Tuseme mtaji wake haukutosha, na jirani ana 100,000 za kumwongezea. Jirani huyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kusema: "Chukua, mwezi ujao unirejeshee 110,000, liwe jema au liwe bovu." Ya pili ni kusema: "Tushirikiane. Faida tutaigawa kwa fungu tulilokubaliana, na belo likiwa bovu kila mmoja atapoteza kwa kadiri ya mtaji wake." Kwa macho, njia zote mbili ni watu wawili na belo moja. Kwa sharia, ya kwanza ni riba, ambayo aya ya 275 ya Sura ya Al-Baqara imeitenga na biashara. Ya pili ni shirika. Na kama mtaji wote ni wa mmoja na kazi yote ni ya mwingine, hiyo ni kiradhi, ambayo wengine huiita mudharaba: faida hugawanywa kwa mafungu, na hasara humpata mwenye mali, mfanyakazi naye hupoteza jasho lake, ila akiwa amezembea au amekhini.

Tofauti yake si ya maneno. Alfajiri ya tarehe 16 Januari 2022, Soko la Karume, hapo hapo Ilala, liliteketea kwa moto, miezi sita tu baada ya Soko Kuu la Kariakoo kuungua usiku wa Julai 10, 2021. Fikiri juu ya mwenye kibanda aliyekuwa na deni la riba usiku kama ule. Nguo zake ziliungua, lakini riba haiungui. Mkopeshaji alilala salama, na mwenye kubeba mizigo akabeba na wa pili. Aliyekuwa na mshirika wa kweli alipoteza pia, lakini hakupoteza peke yake. Hiyo ndiyo hikima ya kuharimishwa riba, na mtu haihitaji kitabu kuiona, majivu yanamtosha.

Sasa turudi kwa yule mwenye 30,000. Yeye si mkopeshaji mkubwa, bali ni mtu mdogo anayetafuta usalama. Lakini akiuliza "wapi nitapata faida bila ya hasara," anaomba kile kile anachokitaka mla riba. Na wajanja wanalijua ombi hilo. Wengi tunaikumbuka DECI, iliyoanguka Dar es Salaam mwaka 2009. Watu waliambiwa "wapande mbegu" na baada ya muda "wavune" maradufu. Hapakuwa na shamba, wala duka, wala kiwanda. Fedha za waliokuja nyuma ndizo walizolipwa waliotangulia. Serikali ilipoifunga, maelfu walibaki na stakabadhi mikononi, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Majina hubadilika, na siku hizi mambo hayo huja kwa simu, lakini alama yake ni moja: ahadi ya faida kubwa, ya hakika, isiyokuwa na kazi inayoonekana.

Hapo mtu aweza kupinga, na pingamizi lake ni zito: "Sheikh, tajiri akipoteza atacheka na kuanza upya. Mimi nikipoteza 30,000 za miezi kumi, mtoto atakosa shule. Vipi unaniambia nikubali hasara?"

Maneno haya ni ya kweli, na yana majibu matatu. La kwanza: fedha za mtoto za shule si ziada. Ziada ni kile kinachobaki baada ya deni kulipwa, nafaka kuwekwa, na akiba ya maradhi na msiba kutengwa, angalau matumizi ya miezi mitatu. Mwenye deni asitafute hisa; alipe deni, kwani hilo ndilo biashara yake ya kwanza. La pili: hasara hugawanyika kama faida. Asiweke yote katika belo moja, wala soko moja, wala mikononi mwa mtu mmoja. La tatu, nalo twalisahau: Uislamu haukumwacha mwenye kupata hasara peke yake. Katika mafungu manane ya zaka, yaliyotajwa katika aya ya 60 ya At-Tawba, limo fungu la waliolemewa na madeni. Jamaa inayowaambia maskini wake waache riba, kisha wakianguka haina zaka wala mkopo mwema wa kuwainua, imewaamrisha nusu ya dini na kuwaficha nusu nyingine.

Basi anayeanza aanzie wapi? Aanze na mchezo, ule wa akina mama wa mitaani wa kupeana kwa zamu. Huo hauna nyongeza. Ni kukopeshana kwa wema. Wanazuoni wa Kishafi wameutaja zamani: al-Qalyubi ameandika juu ya mchango wa zamu wa wanawake, akasema wafaa, akilinukuu kutoka kwa Waliyuddin al-Iraqi aliyefariki mwaka 826 Hijriya. Mchezo haukupi faida, lakini hukufunza kuweka na hukupa mtaji kwa mkupuo. Ama kikoba kinachokopesha wanachama 100,000 na kudai 110,000, hiyo ni riba hata kama faida huirudia nyumba ile ile. Lakini hakina haja ya kuvunjwa, kirekebishwe. Mwanachama akitaka cherehani, kikoba kikinunue kwanza kiwe mali yake, kisha kimwuzie kwa bei inayojulikana, kwa mafungu. Au kiingie naye shirika.

Ama hisa, asili yake ni shirika, kwa hivyo asili yake yafaa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998. Kampuni ya kwanza kuandikishwa ilikuwa ya gesi, TOL. Iliyofuata mwaka ule ule ilikuwa ya bia. Hapo pana darsa zima: soko ni moja, mlango ni mmoja, na vilivyomo havifanani. Mwislamu hanunui hisa za pombe, wala za benki ya riba. Na kampuni nyingine zenye kazi ya halali huchanganyika na mikopo ya riba. Wapo wanazuoni waliokataa zote hizo. Wapo walioruhusu kwa mipaka, kama chombo cha viwango cha AAOIFI kilichoko Bahrain, kinachotaka mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni na pato lisilo halali lisizidi asilimia 5, nalo litolewe sadaka. Na bei ya hisa hushuka pia: za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa wananchi kwa shilingi 850 mwaka 2017, na baadaye zikashuka chini ya hapo.

Mifuko ya pamoja, kama Mfuko wa Umoja wa UTT ulioanza mwaka 2005, imemfungulia mlango mwenye kidogo. Lakini sehemu ya mali ya mifuko ya namna hiyo huwekwa katika hatifungani na amana zenye riba, basi soma waraka kabla ya kutoa. Njia zisizo na riba nazo zimeongezeka: Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011, na sukuk ya KCB ikatolewa mwaka 2022. Hata huko usitosheke na jina la Kiarabu. Uliza mali iko wapi na hasara ni ya nani.

Wala mtu asidharau udogo wa fungu lake. Malaysia, mwanazuoni wa uchumi Ungku Aziz alipendekeza mwaka 1959 kiwepo chombo cha kuweka akiba ya Hija, kwa kuwa wanavijiji walikuwa wakiuza mashamba na mifugo wakaenda Makka, kisha wakarudi mafukara. Mwaka 1963 kazi ikaanza na wanachama 1,281. Leo Tabung Haji ina mamilioni. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe kimetoboka.

Mwisho, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandikiana madeni. Akiba yako ikifika nisabu, ambayo wengi wameikadiria kwa gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha, na ikatimiza mwaka, toa asilimia 2.5 yake. Na kila utakapoitwa kwenye faida, usiulize kwanza "nitapata ngapi?" Uliza: "Ikiharibika, nani ataumia?" Ukijibiwa kwamba hapana atakayeumia, ondoka. Ukijibiwa kwamba ataumia mwenzio peke yake, ondoka upesi zaidi. Ukijibiwa kwamba mtaumia pamoja, basi keti, soma, na umtegemee Mola wako.

Wallahu aalam.