Elimu: Ifungwe au Ifunguliwe?

Msomaji, umepata kumtazama kaa ufuoni? Akishika kitu kwa gando lake si rahisi kumpokonya, kwa kuwa hukibana pande mbili. Katika kemia zipo molekuli zenye tabia hiyo. Huishika chembe ya metali kwa mikono miwili au zaidi. Mwaka 1920 zilipewa jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya gando. Waganga hospitalini hutumia baadhi yake kunasa madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakiingia katika damu ya mtu.

Kuunda baadhi yake si kazi nyepesi. Wakati mwingine hapana budi kuunganisha vipande viwili, kaboni kwa kaboni, na kaboni hazikubali upesi kuungana. Mwaka 1979 Akira Suzuki na Norio Miyaura, wa Chuo Kikuu cha Hokkaido huko Japani, walitangaza njia mpya. Kipande kimoja huchukuliwa na boroni, na metali ya paladiamu huwa mshenga: huwakutanisha wawili, na ndoa ikiisha kufungwa hujitoa, ikaenda kuposa kwingine. Njia hiyo imetumika pia kutengeneza dawa, mojawapo losartani ya shinikizo la damu. Mwaka 2010 Suzuki alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi. Lakini hakuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake bila idhini.

Je, alitenda hekima au upumbavu? Yuko atakayesema kuwa apandaye ndiye avunaye. Neno hilo lina haki ndani yake. Mtu aliyetoa mali yake na usingizi wake akinyimwa malipo, kesho nani atajitaabisha? Lakini na tupime. Suzuki alifundisha katika chuo cha umma, na Heck na Negishi walikuwa wamekwisha kulima sehemu ya shamba hilo kabla yake. Sheria isingalimkataza kudai. Ila sheria humwambia mtu lisilozuiwa, na wema humwambia lipasalo.

Tena ng'ombe ukimpa mtu, zizi lako hupungukiwa. Elimu ukimpa mtu, wewe hubaki nayo yote.

Sasa jitazame wewe. Umeielewa hesabu ngumu, na mwenzako anakuomba umwonyeshe. Unamficha asije akakushinda katika mtihani. Huna hataza mkononi, lakini umeichukua moyoni. Kumbuka kuwa umesomeshwa kwa jasho la watu wengi, na wengine kati yao hawakupata kuingia darasani hata siku moja. Watakapokujia na haja zao, utawapokeaje?

Gando ni jema likishika sumu. Likishika elimu, ni ubaya.