HAZINA ILIYOFICHWA SHAMBANI

Katika sura ya kumi na tatu ya Injili ya Mtakatifu Mateo, Bwana wetu Yesu Kristu anasimulia habari za mtu aliyegundua hazina ndani ya shamba, naye kwa furaha akatoa mali yake yote ili shamba lile liwe lake. Mfano huu ukisomwa katika makanisa ya Chato, Geita na Kahama, wagusa masikio kwa namna ya pekee; maana katika nchi ile hazina kweli imefichwa ardhini, nayo ni dhahabu. Lakini mara nyingi mambo huenda kinyume cha Injili. Mtu yule aliuza vyote apate shamba. Wengi wetu twauza shamba tupate vyote, na mwishowe twakosa vyote viwili.

Leo twataka kunena juu ya hazina nyingine iliyomo katika shamba hilo hilo, ambayo haing'ai wala haipimwi kwa mizani ya sonara. Wataalamu huiita kaboni. Jina hili sasa lasikika redioni na katika mikutano ya vijiji, na watu wengine wazunguka nalo wakiahidi fedha. Yafaa basi jamaa za Kikristu zilielewe, zisije zikaogopa bure, wala zisije zikadanganywa.

Kaboni si kitu kigeni. Mkaa tunaopikia ni kaboni karibu tupu. Masizi chini ya sufuria ni kaboni. Mti uliokauka kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Je, mti uliipata wapi? Wengi hudhani uliitoa udongoni. La, uliivuta hewani kwa majani yake, kwa nguvu ya jua ambalo Mungu huwaangazia wema na waovu. Majani yakianguka, mizizi ikioza, samadi ikichanganyika na ardhi, sehemu ya kaboni hiyo hukaa udongoni, ndiyo ile rutuba nyeusi ambayo kila mkulima huitambua kwa macho na kwa mkono. Udongo wa dunia nzima umeweka akiba ya kaboni kubwa kuliko ile iliyo hewani pamoja na iliyo katika mimea yote. Hiyo ndiyo hazina iliyofichwa shambani.

Sasa tazameni jinsi inavyopotea. Kila kilo 12 za kaboni zikiungua kabisa hushikana na kilo 32 za oksijeni, zikawa kilo 44 za hewa ya ukaa. Macho yaona majivu machache, yadhani kwamba kitu kimekwisha. Kumbe kimepanda juu, nacho kimezidi uzito. Kabla ya viwanda kuenea duniani, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280. Leo zimepita 420. Hewa hii hulizuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi limzuiavyo mtu asipoe. Kwa hiyo dunia yapata joto, na mvua yabadilika: hapa yachelewa, pale yaja kwa gharika. Hatusemi kwamba kila ukame na kila mafuriko yatokana na jambo hili moja. Lakini mkulima anayengoja mvua za vuli na za masika hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba majira hayaaminiki kama zamani.

Wengine watasema: "Hayo ni makosa ya mataifa yenye viwanda, sisi maskini tumekosa nini?" Swali hili ni la haki, na Kanisa halilipuuzi. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Aliyeharibu zaidi adaiwa zaidi. Hiyo ni sheria ya haki, wala hatuna budi kuona haya kuisema mbele ya wakubwa wa dunia. Lakini hesabu ina upande wa pili. Zaidi ya sehemu moja katika tano ya hewa zote zinazoongeza joto duniani hutoka katika kilimo, mifugo na ukataji wa misitu. Na hapo sisi tuna mkono. Tena moto ukipita shambani mwetu, anayepata hasara ya kwanza si mtu wa Ulaya. Ni sisi wenyewe, na watoto wetu watakaolima mchanga uliobaki.

Tuchukue Chato. Ni nchi iliyo kando ya Ziwa Viktoria, yenye pamba, mahindi, mihogo na mpunga. Nyuma yake imo misitu ya Biharamulo. Mbele yake, majini, kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Na upande wa mashariki masoko ya Buseresere na Katoro, yaliyokua kwa dhahabu. Machimbo yahitaji miti ya kuegemeza maduara yasiporomoke. Miji yahitaji mkaa. Na katika tanuru letu la kienyeji, kilo moja ya mkaa yaweza kula kilo 5 za kuni, hata 10. Kijana aonaye kwamba gunia la mkaa lampa fedha leo, na mti wampa kivuli kesho, si ajabu akichagua gunia. Hatumhukumu, njaa haina subira. Lakini twamwuliza: baada ya mti wa mwisho, utauza nini?

Swali hilo jirani zetu wa Shinyanga wamekwisha kulijibu kwa machozi. Tangu miaka ya 1920 vichaka vya nchi ile vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o; baadaye vikafyekwa zaidi kwa ajili ya pamba na kuni. Wazee wa Kisukuma walikuwa na desturi yao iitwayo ngitili: kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, nyasi na miti ipate kukua, kisha kuifungua wakati wa kiangazi ng'ombe wanapokosa majani. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa zikafa. Nchi ikawa kavu hata ikaitwa Jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ijulikanayo kwa jina la HASHI, kwa kazi ya serikali na msaada wa Norwe. Jambo la busara lililofanyika ni hili: hawakuwaletea watu desturi ngeni, bali waliifufua ile ya wazee. Mikutano ya dagashida ikaweka sheria, sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa kama hekta 600 tu. Baada ya miaka kama kumi na mitano zikapita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zikarudi karibu na nyumba, dawa za miti shamba zikarudi, na ndege wakarudi. Basi asiseme mtu kwamba kuhifadhi kaboni ni fasheni ya Wazungu. Wazee wetu walikuwa wakiihifadhi kabla jina lake halijafika.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, tusichome mabaki ya mahindi na mtama, yatandazwe yaoze. Pamba peke yake ina amri yake: masalia yake hung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno, wadudu wasipate makao, na amri hiyo tuitii. Pili, samadi isiachwe zizini ikanyeshewa na kukauka bure, ipelekwe shambani. Tatu, tupande mbaazi, kunde na choroko pamoja na mahindi, na miti mipakani na katikati ya mazao. Nne, mpunga usisimame majini muda wote. Maji yakipunguzwa kwa zamu, kama wafanyavyo walimao kwa kilimo shadidi, hewa mbaya ya methani hupungua na maji hubaki kwa jirani. Tano, mfugaji aangalie afya ya ng'ombe kuliko hesabu yake. Ng'ombe kumi walionona wafaa kuliko thelathini waliokonda, nao hucheua methani kidogo zaidi kwa kila lita ya maziwa wanayotoa.

Sasa tuje kwenye fedha. Ni kweli kwamba siku hizi viwanda vya mbali hulipa ili kaboni itunzwe mahali pengine. Katika Kenya ya magharibi shirika la Vi Agroforestry, pamoja na Benki ya Dunia, liliwafundisha wakulima wadogo kutunza udongo, na mwaka 2014 wakapewa hati za kwanza za kaboni ya mashambani kwa namna hiyo. Faida ilikuwaje? Fedha ya kaboni, ikigawanywa kwa kila jamaa, ilikuwa kidogo. Faida iliyo kubwa ilikuwa mavuno yenyewe, maana udongo wenye rutuba hushika maji na kulisha mahindi. Hilo ndilo tunalotaka kila baba na mama alishike: malipo ya kwanza ya kaboni ni chakula mezani, fedha ni nyongeza. Atakayeanza na nyongeza atavunjika moyo.

Tena fedha hiyo ina hatari zake. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alionya kwamba biashara ya hati hizi yaweza kugeuka kuwa ulanguzi mpya usiopunguza uchafu wa hewa hata kidogo. Nasi twaelewa kwa urahisi, kwa kuwa twaijua sakramenti ya Kitubio: mtu asiye na kusudi la kuacha dhambi hawezi kumlipa jirani yake amfanyie malipizi. Kwa hiyo akija mgeni na karatasi, msitie sahihi gizani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano wa kijiji sauti, itumieni. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina kanuni za biashara ya kaboni, na kiko kituo cha taifa cha hesabu hizo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Ulizeni: Mkataba ni wa miaka mingapi? Kijiji kitapata fungu gani? Moto ukipita, hasara ni ya nani? Umeandikwa kwa Kiswahili? Na akina mama, ambao ndio walimaji, wamesikilizwa? Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba la mizabibu la baba zake, akauawa kwa hila. Damu yake yatufundisha kwamba urithi wa watoto hauuzwi kwa maneno matamu.

Zamani, siku tatu kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana, mapadre na waamini walizunguka mashambani wakiimba Litania ya Watakatifu na kuomba baraka juu ya mbegu. Sala ile ilikuwa na maana moja: shamba si letu tu, ni la Mungu, nasi ni mawakili wake. Wakili ataulizwa hesabu. Hataulizwa tu alivuna magunia mangapi, bali pia aliliacha shamba katika hali gani.

Basi, ndugu wapenzi, tusidharau kiganja cha udongo mweusi. Dhahabu ikichimbwa imekwisha. Udongo ukitunzwa huzaa mwaka hata mwaka. Mtakatifu Isidori Mkulima, ambaye hakuwa na shamba lake mwenyewe bali alililima kwa uaminifu shamba la mwingine, atuombee tulime hivyo hivyo shamba la Bwana, ili watoto wetu walikute lina uhai.

Tumsifu Yesu Kristu.