JUMATATU: Jina la Taifa Lililogeuzwa Tusi

Soma Yohana 8:48, 49. Walipoishiwa hoja, Wayahudi walimwita Yesu Msamaria, tena mwenye pepo. Shtaka la pepo alilikana. Lile la Usamaria hakulijibu neno. Kwake halikuwa tusi.

Kwa nini kwao lilikuwa tusi? Wasamaria hawakuwa wageni wa mbali. Walivishika vitabu vitano vya Musa, walimwita Yakobo baba yao, walimngojea Masihi (Yohana 4:12, 25). Palikuwa na ugomvi wa zamani juu ya ujenzi wa hekalu (Ezra 4:1-3), na baadaye Yohane Hirkano, mtawala wa Wayahudi, alilibomoa hekalu lao la Gerizimu, zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Mara nyingi tunamdhihaki anayefanana nasi, maana tukikiri tunafanana, kujiona bora kumekwisha.

Mtazame mwanasheria wa Luka 10:37. Alijua jibu, lakini neno “Msamaria” halikumtoka kinywani. Alisema tu ni yule aliyemhurumia.

Jadilini: Katika kanisa lenu, ni taifa au kabila gani hutajwa kwa kicheko? Je, yupo mshiriki wa watu hao anayeketi kimya mnapocheka?