Barzilai Avuka Yordani

JUMATANO

Soma 2 Samweli 19:31-39. Barzilai alisema nini kuhusu hali yake ya uzee? Pamoja na hali hiyo, alifanya nini?

Barzilai Mgileadi alikuwa na umri wa miaka 80. Daudi alipomkimbia Absalomu, mzee huyu alikuwa mmoja wa waliomletea chakula na matandiko kule Mahanaimu (2 Samweli 17:27-29). Sasa vita vimekwisha, na mfalme anamwalika akaishi naye Yerusalemu. Barzilai hakuuficha udhaifu wake. Alikiri kwamba kupambanua mambo kunamshinda, ladha ya chakula haipati tena, na masikio hayazisikii sauti za waimbaji. Aliomba arudi akafie kwao, karibu na kaburi la wazazi wake.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo hakulikataa. Alikuwa ameshuka kutoka Rogelimu ili amsindikize mfalme, akawa tayari kwenda naye mwendo mfupi ng'ambo ya mto. Daudi naye hakumwambia, “Mzee, wewe kaa tu.” Alikubali kusindikizwa. Kisha akambusu, akambariki, ndipo mzee akarudi nyumbani.

Leo akina Barzilai wako Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju. Wengine walizaliwa Upare au Mara, wakalima, wakachota maji na kupanda vilima kwa miguu hadi uzeeni. Kumbukumbu zilipoanza kupotea, watoto waliwaleta mjini ili wawatunze. Nia ilikuwa njema. Lakini mjini hakuna shamba, na nje kuna bodaboda, mitaro iliyo wazi na vichochoro vinavyofanana. Bibi akipotea mara moja tu, geti hufungwa. Tangu siku hiyo hukaa kitini kutwa nzima. Miezi michache baadaye hawezi kuinuka bila kushikwa, na nyumbani husemwa, “Ugonjwa umezidi.” Huenda kilichozidi ni udhaifu wa miguu iliyokosa kazi.

Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu si laana, wala si kurogwa. Ni ugonjwa wa ubongo, nao upo kwetu. Watafiti waliowachunguza wazee wa miaka 70 na kuendelea wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, walikadiria kwamba takribani 6 katika kila 100 walikuwa nao.

Je, mazoezi humrudishia mgonjwa kumbukumbu zake? Ni lazima kusema kweli. Utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 494, na matokeo yake kutolewa mwaka 2018, ulionesha kwamba waliofanya mazoezi mazito kwa miezi minne walipata nguvu zaidi mwilini, lakini akili iliendelea kudhoofika. Kwa hiyo anayewaahidi ndugu kwamba mazoezi yatamponya mama yao anawapa tumaini lisilo la kweli. Mwaka 1905 Ellen White aliyataja mazoezi kati ya dawa nane za asili, pamoja na hewa safi, mwanga wa jua na kumtumaini Mungu. Dawa hiyo bado ina kazi. Miguu yenye nguvu humwezesha mzee kwenda msalani mwenyewe, kuinuka kitandani, kutoanguka ovyo, na kuingia kanisani akitembea.

Na hata kama asingepona chochote, heshima yake haipungui. Amri ya tano (Kutoka 20:12) haikuweka sharti kwamba mzazi awe anamkumbuka mwanawe kwa jina.

Mambo ya kufanya ni mepesi. Kwanza, mzee apimwe katika zahanati au kituo cha afya: shinikizo la damu, sukari, macho na miguu. Akichanganyikiwa ghafla, awahishwe hospitali, kwa maana huenda ni malaria, maambukizi au kiharusi. Kisha atembezwe kila siku asubuhi kabla jua halijawa kali, au jioni, akiwa na mtu wa kumshika mkono, amevaa viatu visivyoteleza, kwa njia ileile. Nyumbani, ainuke kitini na kuketi tena mara chache, huku ameshika meza imara. Apewe kazi ambayo mikono yake bado inaikumbuka: kupepeta mchele, kuchambua mchicha, kufagia uwanja. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, apumzishwe na apelekwe kwa mganga. Wala asilazimishwe wala kukaripiwa. Akikataa leo, ajaribiwe tena kesho. Mara nyingi wimbo wa kanisani alioujua tangu ujana humwinua kuliko amri.

Mzigo huu mara nyingi humwangukia binti mmoja au mkwe mmoja, ambaye naye amechoka. Hapa ndipo darasa la Shule ya Sabato linapohitajika. Akina mama wa Dorkasi hupeleka unga na sabuni, na hilo ni jema. Lakini nusu saa ya kumtembeza bibi, ili anayemtunza apumzike au aende sokoni, ni sadaka isiyohitaji fedha. Vijana wa Watafuta Njia nao wanaweza kupangiwa zamu, wawili wawili.

Katika Isaya 46:4 Mungu anaahidi kuwabeba watu wake hata wakiwa na mvi. Yeye hamsahau aliyesahau. Mara nyingi hutimiza ahadi hiyo kwa mkono wa mtu anayekubali kutembea polepole.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini ni rahisi kumletea mzee chakula kuliko kutembea naye? Kipi kati ya hivyo Daudi alimpa Barzilai?

2. Ni wazee gani wa kanisa lenu ambao hawajaonekana ibadani kwa sababu ya kupoteza kumbukumbu? Nani atawatembelea wiki hii, na siku gani?

3. Utamjibuje ndugu anayesema, “Hakumbuki hata kama nilikuja, kuna faida gani kwenda?”