Je, Kanisa Ni Chama?

Neno la msingi: Matendo 6:1–7, 2 Wakorintho 8:13–21

Kuna swali ambalo washiriki huniuliza pembeni baada ya ibada, huku wakiangalia kama kuna mtu anayesikia. Huja hivi: "Pasta, mimi nimechangia kila matanga na kila harambee ya kanisa hili. Siku mtoto wangu alifukuzwa shule kwa sababu ya karo, niliambiwa mfuko hauna kitu. Lakini yule ambaye hata fungu la kumi hatoi alilipiwa kodi ya nyumba. Hiyo ni haki kweli?"

Ni rahisi kumwambia mtu kama huyo aache kunung'unika. Sitaki kufanya hivyo. Malalamiko yake yana uzito, na kanisa la kwanza lilipata shida iliyofanana na hiyo, na mitume hawakumwambia mtu yeyote anyamaze.

Lakini tuangalie kwanza swali lenyewe limetoka wapi. Limetoka kwa chama. Sisi Wakenya tunakijua chama vizuri. Watu 10, kila mmoja shilingi 1,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anachukua zile 10,000. Ukiwa namba ya saba unajua mwezi wako. Usipotoa, huna zamu. Hiyo ni haki ya chama, na ni haki nzuri. Nilisomea biashara, na nawaambia kuna kampuni kubwa ambazo hazina nidhamu ya akina mama wa chama. Wamenunua matangi ya maji, mabati, hata ploti. Hapo hakuna anayeomba huruma. Lipa kwa wakati, basi.

Sasa, chama kina mlango. Asiye na ile 1,000 habaki ndani. Mjane aliyeachishwa kazi, kijana anayeamka saa kumi na moja kwenda kusimama kwa mjengo na asichaguliwe, nyanya anayelea wajukuu watatu: hao ndio wenye shida zaidi, na ndio wa kwanza kutoka. Chama hakijakosea, hakikuundwa kwa ajili yao. Swali ni kama kanisa liliundwa kwa ajili yao, na nikisoma Biblia sioni njia ya kusema hapana.

Hebu someni Matendo 6 polepole. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likigawa chakula kila siku, na wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa. Luka hasemi kwamba chakula kilikuwa kidogo. Hasemi pia kwamba kuna aliyewachukia. Walisahauliwa tu. Wenyeji walijuana na kuzungumza lugha moja, na anayegawa humwona kwanza yule anayemjua. Upendeleo mwingi huwa hivyo, hata kati ya watu waliojazwa Roho. Aliye kwa kwaya, aliye karibu na ofisi ya mchungaji, mwenye simu yenye bando, shida yake itajulikana kufikia jioni. Mama anayekaa kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya matangazo anaweza kulala njaa siku tatu na sisi tunaimba.

Mitume walifanya nini? Waliwaambia watu wachague wanaume 7. Yasome hayo majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Inaonekana kanisa liliweka kapu mikononi mwa watu wa upande ule ule uliolalamika, watu ambao wangejua mjane yupi anakaa wapi. Jambo hili hunishangaza kila mara. Sisi tungeunda kamati ya kuwachunguza walalamishi.

Paulo naye alikuwa akichangisha pesa Korintho kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Anawaambia hataki wengine wastarehe na wao wataabike. Anataka usawa, kwamba leo ziada yao ifunike upungufu wa wale, na siku nyingine iwe kinyume. Halafu anawakumbusha mana jangwani. Kwa hivyo kurudishiana kupo. Ndugu aliyeniuliza swali hajakosea kutarajia kwamba kanisa litamkumbuka. Isipokuwa kwa Paulo hakuna zamu, hakuna namba ya saba. Wengi waliotoa Korintho huenda hawakuwahi kumwona aliyepokea Yerusalemu. Ukitoa leo, unaweza kusaidiwa kesho na mtu ambaye hujawahi kumpa hata kikombe cha chai, na yule uliyempa asikurudishie chochote. Hesabu hiyo inauma, najua.

Na wavivu je? Neno lipo, 2 Wathesalonike 3:10. Lakini Paulo anamzungumzia asiyetaka kufanya kazi. Asiyetaka na asiyepata ni watu wawili tofauti, na huwezi kuwatofautisha ukiwa madhabahuni. Lazima mtu aende nyumbani, aone. Paulo huyo huyo alimwambia Timotheo kwamba mjane aliye na watoto ama wajukuu atunzwe kwanza na jamaa yake, kanisa lisilemewe. Kwa hivyo kuuliza maswali si dhambi. Inategemea unamuuliza wapi, na nani anasikia.

Hapo ndipo nina shida na ile orodha yetu ya WhatsApp. Kila mtu ananakili, anaongeza jina lake na kiasi, anarudisha. Aliye na shilingi 50 anaitazama, anazima simu. Na yule anayechangiwa anasoma shida yake kwa grupu la watu 200, pamoja na picha yake akiwa kitandani hospitalini. Pesa lazima zihesabiwe, hilo sitalegeza hata kidogo: Paulo alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine ili asiwepo wa kuwalaumu juu ya mchango ule. Lakini hiyo ni kazi ya mweka hazina na wakaguzi. Grupu nzima haihitaji kujua fulani alitoa ngapi.

Pia tumezoea kwamba msaada ni M-Pesa. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kuna wazee kati yetu ambao hawajajisajili kwa sababu hawajui kubonyeza *147# na kujibu yale maswali. Kijana mwenye dakika 20 anaweza kukaa na mzee amsaidie (bila kushika PIN yake ya M-Pesa, tafadhali). Tukilifanya hilo mapema, huenda tukaepuka harambee nyingine ya bili ya hospitali. Fundi wetu wa mbao, mwalimu wa hesabu, mwenye pikapu inayolala bure Jumapili jioni, wote wana kitu ambacho mtu kwa seli yao anakitafuta sasa hivi.

Na yule ndugu wa karo? Nilipofuatilia, niliona kwamba jibu la "mfuko hauna kitu" alipewa kwa simu. Hakuna aliyefika kwake. Pesa zilikuwa zimeisha kweli, lakini kati yetu kuna walimu ambao wangeweza kwenda naye shuleni kuomba mtoto arudi darasani huku karo ikilipwa kidogo kidogo. Hatukufika huko kwa sababu tuliangalia salio tu.

Kamati ya ustawi ina nafasi mbili wazi. Wazee wamekubali zijazwe na washiriki ambao hawajawahi kuwa kwa kamati yoyote, na wapendekezwe na wale ambao wamewahi kuomba msaada hapa wakakosa. Majina yaandikwe kwa karatasi na kukabidhiwa katibu kabla ya maombi ya Jumatano. Huhitaji kuandika jina lako mwenyewe.