Jina Chini ya Meza: Sahihi ya Seremala na Adabu ya Umbali

Katika barabara ya Park Avenue, kusini mwa katikati ya jiji la Minneapolis, limesimama jumba la mawe lililokamilika mwaka 1908. Alilijenga Swan Turnblad, mhamiaji aliyeletwa Marekani kutoka Sweden akiwa mtoto, akatajirika kwa gazeti la Kiswidi lililoitwa Svenska Amerikanska Posten. Mwaka 1929 alilitoa jumba hilo liwe makao ya taasisi ambayo leo inajulikana kama American Swedish Institute. Mgeni aingiapo hupokewa na ukumbi uliofunikwa kwa mahogani ya Afrika, mbao ya jamii moja na mkangazi, iliyochongwa kwa ustadi wa kumsimamisha mtu. Jina la mwenye nyumba latajwa mlangoni. Majina ya wasanifu wa jengo, Christopher Boehme na Victor Cordella, yamo katika maelezo yake. Waliokuwa na patasi mkononi walikuwa kundi la mafundi, na mgeni wa kawaida huondoka bila kujua wengi wao waliitwa nani.

Hali hii haishangazi kwa msomaji aliyekulia Unguja, Lamu au Mombasa. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe imebeba maandishi juu ya vizingiti vyake: aya, dua, mwaka wa hijria, na pengine jina la aliyeujengesha mlango. Mchongaji hayumo. Hata maandishi ya kale zaidi ya msikiti wa Kizimkazi, ya mwaka 500 wa hijria, yaani 1107, yanamtaja aliyeamuru ujenzi, wala si mkono uliozichonga herufi zile nzuri za Kikufi. Swali basi ni la pande zote mbili za bahari: je, fundi anapaswa kuacha jina lake juu ya kazi aliyokwisha kuiuza? Na kama anapaswa, analiacha kwa ajili ya nani?

Njia za kuliacha ni nyingi, na kila moja ina maana yake. Yuko fundi anayechoma alama kwa chapa ya moto, akijua kwamba haitatoka ila mbao yenyewe irandwe. Yuko anayegongomea kibati cha shaba, na yuko anayebandika karatasi ambayo gundi ikikauka itaanguka. Wengine huandika kwa penseli ndani ya droo au chini ya meza: jina, mji, mwaka, na aina ya mti. Penseli hudhaniwa kuwa dhaifu, lakini mahali pasipoguswa na mikono wala maji hudumu miaka mingi sana. Fundi anayeweka jina lake usoni mwa kabati anazungumza na mgeni wa sebuleni. Anayeliweka chini ya kabati anazungumza na mtu mwingine kabisa, yaani fundi wa kesho atakayeligeuza ili alitengeneze.

Hoja ya kwanza dhidi ya sahihi ni ya kimaadili, nayo ina uzito. Kazi njema, husemwa, haihitaji kujitangaza; kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mji wa Kiislamu hoja hii huongezewa hofu ya riya, kwamba mtu aliyechonga aya tukufu kisha akaweka jina lake pembeni ameigawa ibada yake na sifa za watu. Huko Japani, Yanagi Soetsu, aliyeanzisha jumba la makumbusho ya sanaa za watu mjini Tokyo mwaka 1936, aliujengea msimamo kama huo falsafa nzima. Kwake, uzuri wa bakuli la kawaida ulitokana na kusahaulika kwa aliyelifinyanga: mfinyanzi hakutafuta sifa, na kwa hiyo mkono wake ulikuwa huru.

Hata hivyo, falsafa hiyo ina kasoro inayoonekana mara tu inapotazamwa kwa makini. Jina la Yanagi lipo juu ya majalada ya vitabu vinavyosifu kutokuwa na jina. Vivyo hivyo Turnblad hakuona haya kufahamika kwa jumba lake, na tajiri wa Unguja hakuona riya katika kuandikwa kizingitini. Unyenyekevu unaotakiwa kwa mwenye patasi peke yake, huku mnunuzi, msanifu na mkusanyaji wakisamehewa, haustahili kuitwa adili. Ni mgawanyo wa heshima uliovishwa kanzu ya adili.

Lakini si haki kudai kwamba mafundi wa pwani walinyimwa tu majina yao. Utamaduni uleule uliochonga milango bila sahihi ulitia sahihi tungo zake kwa uangalifu mkubwa. Mtunzi wa utendi, afikapo mwisho, mara nyingi hutaja jina lake na nasaba yake, huhesabu beti, huweka tarehe, na humwomba msomaji amwombee dua na amsamehe makosa. Hakuna aliyeiona desturi hiyo kuwa majivuno. Kwa nini basi mshairi aliweka jina, na seremala wa mtaa uleule hakuweka?

Jibu linalofaa zaidi ni umbali. Utendi husafiri. Hunakiliwa Siu, ukasomwa Mombasa, ukahifadhiwa Unguja na watu wasiomjua mtunzi. Pasipo jina na hesabu ya beti, mnakili mvivu angeupunguza, na mwongo angeudai kuwa wake. Mlango hausafiri. Husimama katika mtaa ambamo kila apitaye anamjua aliyeuchonga, baba yake, na deni lake dukani. Ukipasuka, anaitwa. Mcheza kwao hutunzwa, na fundi wa kwao hakuhitaji kuandika jina ambalo tayari lilikuwa vinywani mwa watu. Ukimya wa mlango haukuwa kutojulikana. Ulikuwa dalili ya kujulikana mno.

Tatizo lilianza mlango ulipong'olewa. Kiti cha enzi cha Lamu kilichouzwa kwa wakala, kikavuka bahari na kuingia katika jumba la sanaa, kimebeba mti na nakshi. Vinywa vilivyolihifadhi jina vimebaki nyuma. Hapo huandikwa kibao kwamba msanii hajulikani. Kibao hicho husomeka kama habari ya kitu chenyewe, ilhali ni habari ya safari yake: mtu fulani alikibeba kiti na hakuuliza, au aliuliza na hakuandika.

Kwa hiyo sahihi inafahamika vyema zaidi kama adabu ya umbali. Ndivyo pia walivyoiona watu wa Paris, ambako uamuzi wa chama cha maseremala wa mwaka 1743, uliotekelezwa tangu 1751, uliwalazimisha mafundi wakuu kupiga mhuri wa jina juu ya samani zao hadi vyama hivyo vilipofutwa mwaka 1791. Mji ulikuwa umekuwa mkubwa mno kwa mnunuzi kumjua fundi. Mhuri ulimpa mtu wa kumwendea. Sifa za kisanaa zilikuja baadaye.

Kuna pia sahihi zinazoficha. Gustav Stickley, aliyezaliwa mwaka 1858 huko Osceola, Wisconsin, ng'ambo ya mto St. Croix kutoka Minnesota, aliziwekea samani zake alama ya bikari yenye maneno ya Kiholanzi yaliyomaanisha "kadiri niwezavyo". Ni kiapo kizuri cha fundi. Lakini samani hizo zilitoka katika karakana yenye wafanyakazi wengi, na aliyesema "niwezavyo" hakuwa yule aliyekata kiungo. Kinyume chake ni ushirika wa wachongaji wa Kikamba huko Changamwe, Mombasa, ambako kinyago hubeba nambari ya mwanachama. Nambari humhakikishia mchongaji malipo yake, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, kinyago kikishafika Minneapolis hakuna anayeweza kuisalimu nambari, wala kuiombea dua.

Masuala haya yana uzito wa pekee katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, ambako wahamiaji wa Afrika Mashariki wameweka makao. Hali ya hewa yenyewe humfundisha seremala kuwajibika. Kiangazi kina unyevu na mbao huvimba. Majira ya baridi nyumba hupashwa moto miezi mingi, hewa hukauka, na mbao husinyaa kukata nyuzi zake. Kiungo kilichobana barabara mwezi Julai kinaweza kufunua ufa mwezi Januari. Fundi aliyezoea hewa ya bahari, ambayo haibadiliki sana, hujifunza upya kuuachia ubao nafasi ya kupumua. Meza yake ikipasuka baada ya mwenyewe kuhama, jina lililo chini yake ndilo litakalosema ni nani wa kuulizwa. Kuliandika ni kukubali kuulizwa.

Wajibu huo hauishii kwa fundi. Anayeinunua kazi na kuihamisha amelihamisha deni pia, na kulibeba jina pamoja na kitu ni sehemu ya bei. Mjukuu anayerithi kasha la bibi yake, lililofika Saint Paul likiwa limejaa nguo, anaweza bado kupiga simu Lamu au Mombasa na kuuliza lilichongwa na nani, kabla wanaojua hawajatoweka, kisha alipindue na kuandika jibu kwa penseli. Mwandiko huo hautaongeza uzuri wa kasha. Utamrudishia aliyelichonga kitu ambacho mtaa wake ulikuwa ukimpa bila kuandika.