Nani Aliwezeshwa Kurudi?

Mji ukishamezwa na maji, mbona mtu arudi pale pale? Swali hili nimelisikia sana watu wakizungumza kuhusu New Orleans, Marekani. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti 2005, kingo za kuzuia maji zikabomoka, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa.

Mimi naona swali hilo ni rahisi mno kwetu sisi tulio mahali pakavu. Hebu tuulize hivi: nani aliwezeshwa kurudi?

Kulikuwa na mpango wa kusaidia wenye nyumba kujenga upya, ukiitwa Road Home, yaani njia ya nyumbani. Jina tamu! Lakini msaada ulipimwa kwa bei ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya kuijenga, ile iliyo ndogo. Sasa piga hesabu. Katika mitaa ya watu weusi kama Lower Ninth Ward, nyumba zilikuwa na bei ya chini sokoni hata zikiwa imara. Mbao je? Bei ni ile ile mji mzima. Msumari haumwulizi mtu anatoka mtaa gani. Na wapangaji, hao pesa hiyo haikuwahusu kabisa.

Wenyeji walienda mahakamani mwaka 2008, wakafikia makubaliano 2011. Miaka sita baada ya maji! Kufikia hapo wengi walikuwa na watoto shuleni Houston.

Sensa ya 2000 ilihesabu watu 484,674 mjini. Ya 2010 ilikuta 343,829. Hao waliokosekana, tusiseme haraka kwamba walichagua wenyewe.